Nadhani Walioafiki Wameshinda

3 Februari

Kaka,

Nimepiga simu ofisini kwako mara sita wiki hii. Mara zote sita katibu wako amenijibu kwa sauti ile ya kumliwaza mgonjwa: "Mheshimiwa Spika anapendelea barua." Haya, nimekaa, nimechukua karatasi. Miaka kumi na tisa nilikuchapia hoja zako za mahakamani pale juu ya duka la rangi, ghorofa ya pili, mashine ikikwama kwenye herufi R, na leo nakuandikia kama mtu anayeomba kazi. Ukubwa umekukaa vizuri.

Hongera kwanza. Jumatatu umetimiza mwaka kwenye Kiti. Mama aliwasha redio saa tatu asubuhi, akakaa nayo mapajani mpaka Bunge lilipoahirishwa. Anasikiliza yote, hata maswali ya mabomba. Siku yule mbunge alipouliza habari za sumu iliyokutwa kwenye maghala ya nafaka, wewe ukamjibu kwamba simu haziruhusiwi ukumbini, Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Ukumbi mzima nao ulikuwa hoi. Mimi sikucheka sana. Sumu si jambo la mzaha, Kaka.

Sasa shida. Juzi wamebandika tangazo kwenye kila mlango wa nyumba za reli hapa mtaani kwetu. Zote sabini na mbili zinauzwa, na wakazi watapewa siku tisini watoke. Muswada uko njiani kuja kwako. Mama alilisoma tangazo na miwani, akalisoma tena bila miwani, akasema, "Hawawezi." Nikamuuliza kwa nini. Akanitazama kama nimeuliza jua linachomoza wapi. "Mwanangu ndiye Spika."

Unakumbuka ulipoanza? Baba alikuwa hajamaliza miezi miwili kaburini, Shirika likasema nyumba ilikuwa ya fundi wa mabehewa na fundi hayupo tena. Wewe ulikuwa na suti moja na kiatu kilichoachia soli. Ulisimama ukapinga mara kumi na moja ndani ya saa moja, hakimu akakuita Pingamizi, na jina likakuganda mpaka leo. Tulibaki. Mama amekaa nyumba Namba 14 miaka arobaini na moja. Mlango wa jikoni bado ni ule Baba aliouchomoa kwenye behewa bovu, umeandikwa DARAJA LA PILI, na Mama bado anautumia kuwatania wageni.

Naomba jibu moja tu la kumpa: tunabaki au hatubaki?

Mdogo wako,
Mashine

*

11 Februari

Mdogo wangu Mashine,

Simu zina masikio. Mtu aliyekaa nilipokaa mimi hazungumzi mambo ya nyumbani kwenye simu. Usichukulie kwamba nina maringo.

Nikueleze kazi yangu ilivyo, maana naona wewe na Mama mnadhani mimi ndiye natunga sheria. Spika hachangii hoja. Hapigi kura. Katibu anasoma kichwa cha muswada, wabunge wanasema wanayosema, halafu mimi nauliza. Wanaoafiki waseme ndiyo. Wasioafiki waseme siyo. Nasikiliza, natamka upande ulioshinda, natoka nyuma ya siwa, lile rungu la mamlaka ya Bunge, lililobebwa mbele yangu kama jeneza la mtoto. Hiyo ndiyo kazi yangu yote, pamoja na kiti cha ngozi kinachonitoa jasho mgongoni.

Lakini nitakuambia jambo, lisitoke nje ya Namba 14. Wabunge zaidi ya ishirini wa chama tawala wana nyumba za reli majimboni kwao. Wamekuja ofisini mmoja mmoja. Mmoja wao alilia, akajifuta kwa tai yake. Wote wameapa kusema siyo. Ukijumlisha na upinzani, muswada huo hauna miguu. Mwambie Mama tunabaki.

Kuhusu sumu, nilikuwa natania.

Siku zangu zinafanana. Naamka, navaa, nasomewa ratiba, nasema "Utaratibu! Utaratibu!" mara arobaini, nakula peke yangu. Sina huzuni. Sina lolote, kwa kweli. Zamani nikitoka mahakamani nilikuwa nahisi damu ikitembea mwilini, nimeshinda au nimeshindwa. Siku hizi nimekufa ganzi, na nashukuru kwamba haiumi.

Kaka yako

*

2 Machi

Mheshimiwa,

Jana walikuja majirani kumi na wanne kusikiliza nyumbani, kwa sababu Mama aliwaalika. Jirani wa Namba 9 alileta viti vyake. Mama Mapacha aliacha cherehani yake na nguo ya mtu ikiwa nusu. Walikaa mpaka kwenye mlango wa jikoni.

Tulisikia uliposema wanaoafiki waseme ndiyo. Walisema. Ilikuwa ndiyo ya watu walioshiba, haikuwa na nguvu. Halafu ukasema wasioafiki waseme siyo. Redio ilikoroma, Kaka. Ilipasuka sauti mpaka Mama akaishika isianguke mapajani. Majirani waliruka. Jirani wa Namba 9, mzee wa miaka sabini, alimkumbatia Mama Mapacha, hata mumewe hakujali.

Kisha sauti yako, imenyooka, wala haikutetemeka: "Nadhani walioafiki wameshinda."

Watu kule ndani wakapiga kelele, "Mgawanyiko! Mgawanyiko!" Hata mimi mpiga chapa najua kwamba wakidai hivyo lazima uwahesabu mmoja mmoja. Wewe ukasema, "Katibu, shughuli inayofuata."

Hakuna aliyetukana. Hilo ndilo lililoniumiza. Waliinuka, wakabeba viti vyao, wakatoka bila kuaga. Mama alisema redio ina hitilafu, mawimbi yalipishana. Amesema hivyo jana na amerudia leo asubuhi. Nimemwacha.

Wamekupa nini? Nauliza kama mtu aliyekuchapia kila neno ulilowahi kusema kuhusu haki. Ningependa kujua bei yake tu, nitulie. Halafu usiniandikie tena.

Dada wa mtu

*

SIRI

4 Machi

Kwa: Mheshimiwa Spika
Kutoka: Mkuu wa Idara ya Taarifa Rasmi

YAH: KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA TAREHE 1 MACHI

Mheshimiwa Spika, naomba mwongozo wako.

Kama ujuavyo, idara yangu huandika kinachosikika kwenye kanda, hatuongezi wala hatupunguzi. Wapiga chapa wangu watatu wameisikiliza kanda ya kura ya Muswada wa Mali za Reli, kila mmoja peke yake. Wote watatu wameandika kwamba sauti za "siyo" zilizidi. Wote watatu wameandika pia kwamba wajumbe walidai mgawanyiko mara tisa kabla ya Kiti kuita shughuli inayofuata.

Kwa mujibu wa Kanuni, tamko la Kiti ni la mwisho. Hakuna mbunge, karani wala mahakama inayoweza kulihoji. Ni Spika peke yake anayeweza kusema kwamba alikosea, na ni lazima aseme mwenyewe, ukumbini, kabla ya mkutano huu kufungwa tarehe 20 Machi. Akisema, kura inarudiwa kwa kuita majina. Asiposema, muswada unakwenda kutiwa saini.

Naongeza jambo lisilo la kikazi, nawe utanisamehe. Mara nne katika mkutano huu tumelazimika kuandika "(Kicheko)" baada ya jibu la Kiti, nasi tulioko kwenye kanda hatukuona kichekesho. Marehemu baba yangu alifanya kazi miaka thelathini kwenye kinu cha kusaga. Alikuwa mcheshi sana miaka yake ya mwisho. Tulichelewa kujua kwa nini.

Barua hii nimeichapa mwenyewe na sina nakala.

Wako mtiifu,
Mkuu wa Idara

*

9 Machi

Mashine,

Umesema nisiandike. Naandika.

Sikupewa kitu. Ningekuwa nimepewa, barua hii ingekuwa rahisi.

Sisikii.

Nimeitazama sentensi hiyo kwa muda na sioni cha kuiongezea, lakini wewe utataka maelezo, kwa hiyo haya. Ilianza miaka saba iliyopita. Herufi S ndiyo iliyotangulia kuondoka. Ikafuata F, kisha SH. Daktari alinichorea mstari unaoshuka kama ngazi, akasema sauti nene zimebaki na nyembamba zimekwenda, na zilizokwenda hazirudi. Alinipa vifaa vya kuvaa masikioni. Viko kwenye droo. Nisingeweza kuvivaa mbele ya kamera.

Unakumbuka kesi ya yule mchukuzi wa mizigo aliyesingiziwa wizi wa ghala? Nilimuuliza mlinzi, "Ulimwona mteja wangu akitoka?" Akajibu, "Sikumwona." Kesi ilikuwa imeisha hapo, nilipaswa kukaa. Mimi nilisikia amemwona. Nikaanza kumbana: alivaa nini, alishika nini, alikwenda upande gani. Mlinzi akachanganyikiwa, akaanza kubuni, na kila alichobuni kilimzamisha mteja wangu. Alifungwa miaka mitatu. Wewe ulichapa rufaa ukasema nimechoka, nichukue likizo. Mwaka uliofuata niligombea ubunge. Watu walidhani nina tamaa ya ukubwa. Nilikuwa natafuta mahali ambapo hakuna anayemsikiliza mwenzake, nisionekane.

Na Kiti, amini usiamini, ndicho mahali pazuri kuliko pote kwa mtu kama mimi. Mtu mmoja anaongea kwa wakati. Taa nyekundu inawaka kwenye kipaza sauti chake. Mambo yote yanaletwa kwa karatasi. Ninayoshindwa kuyasikia nayajibu kwa mzaha, nao wanacheka. Simu nimeziacha tangu mwaka jana, nikasema zina masikio.

Tatizo ni lile swali la mwisho. Fikiria maneno yenyewe. Ondoa S kwenye siyo, inabaki iyo. Watu mia moja wakipayuka ndiyo kwa pamoja, mwanzo wa neno unazama kwenye vishindo, inabaki iyo. Ukitazama midomo, ni meno kisha duara, kwa yote mawili. Jaribu mbele ya kioo. Maneno mawili yanayoamua kila kitu, na kwangu mimi ni neno moja.

Kwa hiyo nilikuwa nategemea kikaratasi. Mnadhimu wa chama tawala, yule anayehesabu kura kabla hazijapigwa, huniletea matokeo asubuhi. Kwa mwaka mzima hakijakosea. Tarehe 1 kilisema ndiyo. Nilisikia iyo, nikasikia iyo nyingine, labda kubwa zaidi, sikuwa na hakika. Nikatazama midomo. Nikakifuata kikaratasi. Mgawanyiko sikuusikia kabisa. Niliona watu wamesimama upande wa kushoto, na kwa kuwa ilikuwa saa saba nikadhani wanakwenda kula.

Nina mpaka tarehe 20 kusema ukumbini kwamba nilikosea, na lazima niseme kwa nini. Mkuu wa Taarifa Rasmi ameniandikia. Anajua. Nadhani sitasema. Mla rushwa watamsema wiki mbili kisha watamchagua tena. Kiziwi aliyekalia Kiti cha Spika watamcheka mpaka watoto wao waige. Kila hukumu niliyotoa itafukuliwa. Na yule mchukuzi atajua kwa nini alifungwa.

Nimekuandikia ili mtu mmoja asidhani niliuza nyumba ya mama yangu. Usimwambie.

Kaka yako

*

13 Machi

Kaka,

Nimejaribu mbele ya kioo. Ni kweli. Nimesema ndiyo, nikasema siyo, ndiyo, siyo, Mama akaniuliza nabishana na nani.

Nisamehe kwa lile la bei. Liliniuma hata nilipokuwa naliandika.

Sasa naanza kukusanya. Ulivyoacha kuja harusini. Ulivyokuwa unakaa pembeni ya meza, mgongo ukutani, unatutazama midomo mpaka shangazi akasema unamtafutia kasoro. Ulivyonijibu "ndiyo, ndiyo" nilipokuambia nimeachika. Miaka minne nimeibeba hiyo, Kaka. Nilidhani hukujali. Ungeniambia tu. Mimi nilikuwa mikono yako miaka kumi na tisa, ningeshindwa vipi kuwa masikio?

Nimekasirika, na chini ya hasira hakuna kitu, pamepooza. Nimefua nguo zote za nyumba hii, hata zilizokuwa safi.

Lakini utasema. Sikiliza, au soma, vyovyote. Asubuhi hii nimemkuta Mama anaosha madirisha ya nje kwa gazeti. Ana miaka sabini na minane, amepanda kigoda. Nikamwambia ashuke. Akasema nyumba ya mama wa Spika haiwezi kukutwa chafu siku redio ikitengemaa. Majirani hawamsalimii. Jirani wa Namba 9 anapita upande wa pili wa barabara. Mama anamsalimia hivyo hivyo, kwa sauti, kila asubuhi, na anangoja ajibu.

Watakucheka. Sawa, wakucheke. Mimi pia nitakucheka kidogo, kwa ile sumu. Kuhusu mchukuzi, nitamtafuta mwenyewe, nitakaa naye, na tutamwambia pamoja. Lakini kura ile ilikuwa yetu na wewe ndiye pekee unayeweza kuirudisha. Ulianza kazi kwa nyumba hii. Ukinyamaza sasa, Pingamizi, sitajua tena nikuite nani.

Mama sijamwambia. Atasikia mwenyewe kwenye redio, kama utasema.

Mashine wako

*

21 Machi

Mdogo wangu,

Bila shaka mmesikia, lakini redio haionyeshi, kwa hiyo nakupa kilichobaki.

Niliingia nikiwa nimevaa vile vifaa. Kabla ya maswali nilisimama nikasema sentensi nne. Kwamba tarehe 1 Machi nilitamka matokeo yasiyo sahihi. Kwamba sikuyasikia. Kwamba uwezo wangu wa kusikia umeharibika kwa miaka saba na nilificha. Kwamba naagiza kura irudiwe kwa majina. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, nimekaza tumbo kabisa, hakikuja, nikabaki nimekaza tumbo.

Karani akaanza kuita. Kila mmoja alisimama, taa yake ikawaka, mnadhimu ameegemea nguzo na daftari lake. Nilisikia kila neno. Yale madude yanakuza mpaka mlio wa kalamu. Upinzani walisema siyo, wote. Kisha wakafika wale ishirini na kitu. Wa kwanza alikohoa, akasema ndiyo. Wa pili, ndiyo. Yule aliyelia akajifuta kwa tai alinitazama usoni, akasema ndiyo taratibu na kwa kufungua mdomo sana, kama anamsaidia kiziwi.

Mia moja na nne waliafiki. Themanini na tatu hawakuafiki.

Wale wale, Mashine. Siku ile walipayuka siyo wakiwa ndani ya kelele, ambako hakuna anayejua sauti ni ya nani. Walipoitwa kwa majina, kila mtu akakumbuka ana nini cha kupoteza. Nilitamka, "Walioafiki wameshinda," safari hii bila nadhani, kisha nikaandika barua ya kujiuzulu kwenye meza ile ile. Naibu wangu akakalia Kiti kabla hakijapoa.

Sijisikii vibaya. Sijisikii chochote. Napanga vitabu kwenye maboksi, na kila boksi nikilifunga nalifungua tena, sijui natafuta nini. Nimempotezea Mama nyumba mara mbili, kwa kukosea na kwa kusahihisha.

Sasa jambo la kisheria. Jana nimesoma jedwali la mwisho la muswada, lile ambalo hakuna anayelisoma. Hapo mtaani kwenu nyumba thelathini na moja haziuzwi. Ni za wakazi waliojaza ile fomu ya Shirika miaka mitatu iliyopita, ya kuomba kumilikishwa. Waliotia sahihi wakati ule wanabaki, nyumba ni zao. Namba 14 haimo.

Sielewi. Fomu ile naikumbuka vizuri. Mama alinipigia simu mchana mmoja, nikiwa kantini, akaniuliza, "Niiweke sahihi?" Nikamwambia ndiyo, Mama. Akauliza tena, nikamwambia ndiyo tena. Ilikuwa fomu nzuri, nilikuwa nimeipitia. Kwa nini hakuweka? Kuna mtu alimshauri vingine? Silaumu. Nataka tu kujua, kwa sababu ndicho kitu pekee katika haya yote ambacho mimi nilikifanya sawasawa.

Kaka yako

*

27 Machi
(Barua hii haikutumwa)

Kaka,

Mama alikusikia. Ulipomaliza zile sentensi nne alizima redio. Hakungoja hata majina kuitwa. Akaniuliza, "Tangu lini?" Nikamwambia miaka saba. Akahesabu kwa vidole, akaniambia nimpe maji, hakuyanywa.

Barua yako nilimsomea leo, yote, kwa sababu hanikubalii nikiruka mstari. Nilipofika pale kwenye fomu akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Mimi sikumuuliza hivyo."

Na mimi nilikuwepo, Kaka. Mimi ndiye niliyemshikia simu, mikono yake ilikuwa na unga. Mama alipokuwa anasema, nami nikayakumbuka maneno yenyewe. Watu wa mtaa walikuwa wanasema fomu ile ni mtego, ukisaini umekubali kuhama. Mama akasema atamuuliza wakili wake. Akakupigia. Akakuuliza, "Mwanangu, nisiweke sahihi?" Ukajibu, "Ndiyo, Mama." Akauliza tena, apate hakika, "Nisiweke?" Ukasema, "Ndiyo, Mama, ndiyo."

Nisiweke. Itoe ile herufi uone kinachobaki.

Alichana fomu palepale. Kisha akatoka akapita nyumba kwa nyumba, anajivuna, unamjua. Mwanangu wakili amesema tusiweke. Jirani wa Namba 9 alikuwa ameshasaini, akaenda kuichukua fomu yake Shirikani, akafuta sahihi. Mama Mapacha aliwashia yake jiko. Nyumba arobaini na moja hazimo kwenye jedwali lako. Sijui ngapi ni kwa neno lako, na siwezi kwenda kuuliza.

Ulimwambia kitu sahihi kwa swali ambalo hakuuliza. Naandika hivi na sina machozi. Natamani ningekuwa nayo.

Mama amenishika mkono, akasema, "Hilo usimwandikie." Nikamwambia, "Ametuomba ukweli." Akasema, "Amebakiwa na moja tu alilofanya sawasawa. Mwachie."

*

27 Machi

Kaka,

Barua yako imefika. Tumepata vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, kuna vumbi lakini maji hayakatiki. Tunahama mwisho wa mwezi wa tano. Kuna nafasi ya maboksi yako, ya wewe pia. Mchukuzi nimempata. Anauza vipuri vya baiskeli. Nimemwambia una jambo la kumwambia, akasema uje.

Kuhusu ile fomu, nimemuuliza Mama. Ni kweli ulimwambia aweke, anakumbuka, ulimwambia mara mbili. Aliiweka kabatini angoje kalamu nzuri, siku zikapita, akasahau. Ni uzee tu. Hakuna aliyemshauri vingine.

Anasema umsamehe. Ukija usimuulize tena, anaona aibu.

Mdogo wako,
Mashine